Meza ya Treni Pale Same: Jinsi Tulivyochagua Mtambo Mara Mbili

Vijana wangu wa chumba cha mafunzo,

Wiki tatu baada ya mimi kustaafu mlinipigia simu mkauliza: ule mtambo wa kuendeshea treni za mezani tuliuchagua kwa vigezo gani? Mnataka kuubadilisha, na mmeniomba ukurasa mmoja. Nimekaa hapa nyumbani Vudee na daftari, nikaona ukurasa mmoja hautoshi. Mtambo ule tuliuchagua mara mbili, na mara ya kwanza tulikosea. Aliyekosea zaidi ni mimi. Mwenye haraka aruke mbele akatafute vigezo, vipo. Lakini mkiweza, someni kuanzia hapa.

Nilifika karakana ya ishara Same nikiwa na cheti kipya cha ufundi umeme na viatu vya dada yangu, vilivyonibana. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mhina, fundi mkuu, mtu wa Korogwe, mfupi, aliyevaa koti la kaki hata pale jua lilipokuwa linachemsha mabati.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Nakundwa."

"Reli umewahi kuiona, Nakundwa?"

"Kwa juu tu, kutoka mlimani. Treni ilikuwa kama tandu."

"Basi leo utaiona kwa karibu," akasema, akanipa kitambaa na chupa ya spiriti.

Nilidhani tunakwenda njiani. Akanipeleka chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyokaribia kujaza chumba kizima, na juu yake reli ndogo, upana wake kama kidole gumba, zikizunguka vilima vya plasta. Meza yote aliijenga kwa mikono yake, kwa mbao za makasha na nyaya za simu zilizokwisha kazi. Ilikuwa na stesheni mbili: moja iliitwa Makande, nyingine Tangawizi. Nilipouliza kwa nini hakuzipa majina ya stesheni za kweli, alisema stesheni za kweli zina watu, na watu hununa.

Wiki nzima ya kwanza nilifuta reli. Mnaijua Same: upepo ukivuma kutoka tambarare, vumbi linaingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Treni ndogo hupata umeme kwa magurudumu yake, na gurudumu likikanyaga vumbi, treni inasimama. Nilifuta, nikanung'unika moyoni, nikafuta tena.

Wiki ya pili akanionyesha meza ile ni ya nini. Reli yetu ni ya njia moja. Kati ya stesheni na stesheni treni mbili haziwezi kupishana, hivyo kabla treni haijaondoka Makande, mkuu wa zamu wa Makande lazima ampigie simu mwenzake wa Tangawizi, aulize kama njia iko wazi, apewe namba ya kibali na aiandike kitabuni. Hapo ndipo dereva anaruhusiwa kuondoka. Mezani ilikuwa vilevile. Mzee Mhina aliweka simu mbili za zamani na vitabu viwili, na kila upande swichi yake. Mwanafunzi asipopiga simu, swichi haikumzuia. Treni ziligongana, zikaanguka sakafuni mbele ya darasa zima, na yeye mwenyewe ndiye aliyeinama kuziokota.

Miaka iliyofuata niliimaliza njiani, nikitengeneza simu za stesheni na taa za ishara. Mengi nimeyasahau. Siwezi kusahau simu moja iliyokuwa inakufa kila siku saa nane mchana na kufufuka jioni. Nilikwenda asubuhi mara nne, nikapima kila kitu kwa testa, nikakuta kizima. Niliporudi mara ya nne nimekasirika, Mzee Mhina aliniambia, "Ugonjwa wa saa nane hautibiwi saa mbili. Nenda ukae nao." Nikaenda nikakaa chini ya nguzo juani, bila kivuli, na saa nane ilipofika nikapanda. Kiungo kimoja cha waya kilikuwa kinaachia kwa joto na kushika tena kukipoa. Nilikaza skrubu moja. Ripoti yangu ilikuwa mistari miwili, na ngozi ya shingo ilibabuka wiki nzima.

Goti langu lilipoanza kukataa nguzo, nilihamishiwa chumba cha mafunzo kuwa mwalimu. Mzee Mhina alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Korogwe. Meza ilikuwa imechoka. Swichi zilikuwa zimeungua midomo, na treni zilikwenda kwa kurukaruka kama mbuzi wa miezi miwili. Mkuu wetu wa kituo cha mafunzo wakati huo, Bwana Lukindo, alipata ruhusa ya kununua mtambo wa kidijitali. Akanikabidhi kazi ya kuchagua.

Niwaeleze kwa ufupi tofauti yake, kwa ajili ya wale waliokuja karibuni. Katika meza ya zamani, umeme ukiwashwa kwenye kipande cha reli, kila treni iliyopo hapo inakwenda. Kwa kidijitali, umeme upo kwenye reli muda wote na amri zinapita humo humo pamoja nao. Kila kichwa cha treni kina kadi ndogo kama ukucha, yenye namba yake. Ukiita namba tatu, anaitika namba tatu peke yake. Mtu mmoja anaweza kuwaendesha watatu kwenye reli moja, kila mmoja kwa mwendo wake.

Mitambo iliyoletwa kujaribiwa ilikuwa mitatu. Wa kwanza uliendeshwa kwa simu ya mkononi. Ulikufa siku ya kwanza: Bwana Lukindo alikuwa anaonyesha wageni, simu yake ikaita katikati, na treni ikaendelea na safari hadi ukutani wakati yeye anasema "niko kwenye kikao." Wa pili ulikuwa sanduku jeusi lenye rimoti mbili za waya. Ulifanya kazi vizuri na haukumvutia mtu. Wa tatu ulikuwa na vihisio chini ya reli, vya kusoma kadi za treni, na skrini kubwa iliyoonyesha kila treni kwa rangi yake. Treni ikielekea palipo na treni nyingine, mtambo wenyewe uliisimamisha, taratibu, bila mtu kugusa kitu.

"Mwalimu," Bwana Lukindo akasema, "huu ndio wenyewe."

Nami niliona hivyo hivyo. Sitaki mseme nililazimishwa. Niliipenda ile skrini kama mtoto anavyopenda taa.

Kabla ya kusaini nilikuwa na safari ya Tanga, nikapita Korogwe kumsalimu Mzee Mhina. Nilimweleza yote kwa furaha. Alisikiliza huku anamenya chungwa.

"Mwanafunzi akikosea, kinatokea nini?" akauliza.

"Hakuna, baba. Treni zinasimama zenyewe."

"Kwa hiyo mtakuwa mnamfundisha nani? Treni?"

Nilicheka. Nilidhani ni wivu wa mtu aliyeijenga meza kwa mikono yake na sasa inavunjwa. Tulinunua mtambo wa tatu.

Ulikuwa mzuri, na huo ni ukweli. Darasa lilipata wageni wengi kuliko wakati wowote. Hakuna treni iliyoanguka sakafuni. Simu za zamani na vitabu tuliviacha mezani, na wanafunzi walivitumia, lakini sasa nikikumbuka naona walivitumia kama mtu anayesali huku anaangalia saa. Mwanafunzi bora wa kipindi hicho alikuwa binti wa Usangi, Rehema Msuya: mwepesi, mtulivu, mwandiko wake kama wa kupigwa chapa. Alipohitimu alipangiwa stesheni ndogo ambayo sitaitaja, kuwa mkuu wa zamu.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja genge la reli liliingia njiani kwa kiberenge, ile toroli ya injini wanayopanda mafundi wa njia, kwenda kukaza bolti. Walikuwa watano: nyapara wao, Mzee Mbonea, na mafundi wanne. Walipewa kibali na mtu wa zamu iliyotangulia, naye akaandika kitabuni kama inavyotakiwa, mstari wa mwisho wa ukurasa. Rehema alipopokea zamu alifungua ukurasa mpya. Stesheni ya pili ikapiga simu kuomba njia kwa treni ya mizigo. Rehema akaangalia ukurasa ulio mbele yake, akaona mweupe, akatoa kibali.

Treni ile ilipunguza mwendo njiani kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanavuka. Hao ng'ombe ndio waliookoa watu. Dereva alipotoka kwenye kona bado alikuwa polepole, akaona kiberenge, akafunga breki. Alisimama hatua kama thelathini kabla ya kukifikia. Mafundi walikuwa wamesharukia kwenye miiba. Mmoja aliteguka mkono. Hakuna aliyekufa.

Nilipopata habari nilikuwa nafundisha. Niliwaambia wanafunzi watoke, nikakaa mbele ya ile skrini yenye rangi, na chakula cha mchana sikukiona. Nikampigia simu Mzee Mhina. Nilijiandaa kwa maneno ambayo alikuwa na haki ya kuyasema. Hakuyasema. Akauliza, "Huyo binti amekula?"

Sikujua. Nikaona aibu kwamba sikujua. Nilimkuta Rehema kwenye chumba alichopanga karibu na soko, amekaa kitandani na sare yake. Nilimnunulia chipsi na chai, nikamwangalia hadi akamaliza. Ndipo nikamwuliza.

"Kwa nini hukufunua ukurasa wa nyuma, mwanangu?"

Alifikiri sana. "Mwalimu, sikuharakisha. Ningekuwa nimeharakisha ningejielewa. Nilipotoa kibali nilisubiri kidogo, kama nilivyozoea. Hakuna kitu kilichonikatalia. Nikajua njia iko wazi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Tulimfundisha miezi tisa kwamba akikosea atakataliwa. Sasa alikuwa amekaa mahali ambapo hakuna kitu cha kumkatalia isipokuwa yeye mwenyewe, na hatukumwambia.

Waliletwa watu watatu kutoka makao makuu kuchunguza. Asubuhi ya kuhojiwa, Bwana Lukindo alinisubiri mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, na mkimkuta muamkieni kwa heshima. Aliogopa kituo kitafungwa, na watu wa kituo kile walikuwa na familia.

"Mwalimu, jibu ulichoulizwa tu," aliniambia. "Meza yetu haihusiani na kitabu cha stesheni."

"Wakiuliza alifundishwaje?"

"Sema alifaulu vizuri. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Niliingia, na swali la pili tu lilikuwa hilo. Nikasema alifaulu vizuri. Wakaandika. Mwenyekiti akafunga faili nusu, na nilijua nikinyamaza mambo yataishia hapo: Rehema atafukuzwa, mimi nitarudi darasani kabla ya chai.

"Naomba niongeze," nikasema. "Alifaulu mtihani ambao haikuwezekana kuufeli. Mtambo niliuchagua mimi."

Niliwaeleza yote. Niliwaambia hadi kuhusu Mzee Mhina na swali lake, na jinsi nilivyocheka. Mwenyekiti aliuliza, "Unaelewa unachojiandikia?" Nikasema naelewa.

Kituo hakikufungwa. Nilipata barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu. Rehema aliondolewa stesheni kwa miezi sita na kurudishwa kwetu kufundishwa upya. Bwana Lukindo hakuongea nami karibu mwezi mzima. Siku moja alikuja na karatasi ya kununua mtambo mwingine, ameshaisaini, akaiweka mbele yangu na kusema, "Safari hii chagua na yule binti."

Basi vigezo ndivyo hivi, kama tulivyovipata na Rehema katika wiki mbili za majaribio.

Kwanza tuliwauliza waliotuuzia kama ile sehemu ya kujizuia inaweza kuzimwa. Walijibu haiwezekani, maana ndiyo sifa yake kubwa. Tukauweka pembeni. Tukarudi kwenye sanduku jeusi lenye rimoti za waya, na mengine mawili yaliyofanana nalo, tukayatesa. Tulifungua madirisha siku ya upepo, tukaacha vumbi liingie, tukaona ni lipi ambalo amri zake zinaendelea kuzifikia treni kwenye reli chafu. Tulikata umeme ghafla katikati ya somo, kama unavyokatika wenyewe, kuona ni lipi likirudi linakumbuka namba za treni na ni lipi linaamka halijui jina lake. Moja lilipowaka tena lilizirusha treni zote kwa mwendo wa mwisho. Tuliliaga. Tuliweka bisibisi juu ya reli mbili ili umeme ugongane: sanduku zuri linajikata haraka na kujirudisha, baya linanuka. Tuliangalia kama kadi za treni ni za aina moja tu ya kampuni, au zinapatana na za wengine, kwa sababu kadi zinaungua na Same si mahali pa kusubiria kifurushi. Mwisho Rehema alilifungua kila moja kwa bisibisi aone kama ndani mna kitu ambacho fundi wa hapa anaweza kuchomelea. Katika moja, vyote vilikuwa vimemwagiwa gundi ngumu nyeusi.

"Hili halitaki tulijue," akasema, akalifunga.

Tulichagua lile sanduku jeusi, ambalo zamani halikumvutia mtu. Lina rimoti mbili, moja kwa Makande na nyingine kwa Tangawizi. Skrini na vihisio vya mtambo uliotangulia tulivibakiza vionyeshe tu treni ziko wapi, bila amri yoyote. Ndilo hilo mlilolichoka sasa, na mna haki. Vitufe vyake vimefutika namba.

Siku ya kwanza ya darasa, treni mbili ziligongana kabla ya saa nne. Kichwa kimoja kilianguka sakafuni na kupasuka taa. Wanafunzi walicheka, kisha wakamwangalia Rehema, niliyemweka anisaidie kufundisha, kwa sababu habari yake waliijua. Aliinama, akakiokota, akakiweka mkononi mwa aliyekosea. "Soma kitabu chako kwa sauti," akamwambia, "kuanzia ukurasa wa nyuma." Hakupandisha sauti. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Karibu na mwisho wa miezi yake sita, Mzee Mbonea, yule nyapara, alikuja kituoni bila kuitwa. Rehema alipomwona mlangoni alisimama wima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia mna meza. Nikasema nije nione."

Alizunguka meza yote polepole, mikono nyuma, akainama kuangalia madaraja na pointi za kugeuzia njia. Nilimweleza kila kitu, nikijivunia kidogo. Aliporudi alipoanzia akauliza, "Sisi tuko wapi?"

"Ninyi?"

"Kiberenge. Genge. Naona treni tu."

Tulitazamana na Rehema. Miaka yote ile, tangu siku za Mzee Mhina, kupitia mitambo yote miwili na majaribio yote ya vumbi na bisibisi, hakuna aliyewahi kuweka kiberenge mezani. Hata ule mtambo wa kujizuia tuliouamini usingekiona.

Rehema alikitengeneza mwenyewe kwa mbao na magurudumu ya behewa bovu. Mzee Mbonea alileta watu watano aliowachonga kwa mti, wakubwa kama punje za maharage, mmoja mkono wake umefungwa. Kadi ya kidijitali haikuenea ndani, kiberenge chenyewe kidogo mno. Nilipendekeza tutafute kadi ndogo zaidi. Rehema alikataa. Alisema hata kile cha kweli hakina namba, kinaingizwa tu njiani na watu na kuandikwa kitabuni.

Alimaliza miezi yake, akarudi stesheni, na baada ya miaka michache akaomba kuja kufundisha. Ndiye aliyeshika chumba changu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikaa kiti cha nyuma nikamsikiliza. Bila kusema kitu alikuwa ameshakisukuma kiberenge kwa kidole hadi katikati ya njia, nyuma ya kilima. Mwanafunzi wa Makande alishika rimoti, tayari kuondoka.

"Njia iko wazi?" Rehema akamwuliza.

Darasa zima liliangalia skrini. Haikuonyesha kitu. Rehema hakuwasaidia. Akasubiri. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kusimama na kuinama juu ya meza.